Misiba Iliyokombwa

Wifi yangu Bernadetha ana tabia moja iliyonichosha tangu kaka yangu Thadeus alipomwoa: hawezi kuacha swali likae bila jibu. Ukimwambia mvua itanyesha, atakuuliza nani kasema. Ukimjibu kwamba hakuna aliyesema, ni mawingu tu, atakwambia basi sema ni mawingu. Kwa hiyo mwaka jana nilipomsikia anauliza, "Ni halali au si halali?" nilijua nimekwisha, maana ni mimi ninayemsindikiza kila anakokwenda, na swali lile lilitaka jibu la neno moja.

Nieleze kwanza kazi yake, asije mtu akadhani ni mwanamke wa kutafuta ugomvi. Bernadetha alikaa miaka mingi kwenye dirisha la mapokezi la redio moja pale Moshi mjini. Watu walimletea matangazo ya vifo yameandikwa kwenye vipande vya daftari, mengine yamelowa machozi, mengine yamelowa pombe ya mbege, na yeye aliyanyoosha. Alipostaafu akarudi kwake Old Moshi, watu wakamfuata hukohuko. Binti yake Eliza, anayefanya kazi za kompyuta Arusha, alipoona mama yake anasumbuliwa na simu kutwa, akamtengenezea ukurasa kwenye mtandao. Wakauita Msiba Kwetu.

Ukurasa wenyewe haukuwa na madoido. Picha ya marehemu, siku ya maziko, kihamba, yaani shamba la ukoo, atakapozikwa, halafu ile sehemu ambayo Bernadetha aliiona ndiyo tangazo lenyewe: habari ziwafikie. Habari ziwafikie Shedrack aliyeko Tunduma, Avelina aliyeko Mwanza, wajomba wa Kirua, wakwe wa Machame, na mwishoni jina la msemaji wa familia na simu yake. Aliwabana wafiwa mpaka wengine wakakasirika. "Huyu dada wa baba yenu yuko wapi siku hizi? Hamjui? Basi kaulizeni, nawasubiri." Kwetu asiyetajwa hakuitwa. Yupo mtu atavaa shati safi, akae barazani kwake hatua chache tu kutoka kaburini, asije, kwa sababu jina lake halikusomwa, na hilo litazungumzwa mpaka wajukuu wazeeke. Bernadetha alilijua hilo, na watu walimwamini kwa hilo. Wachagga wa Dar es Salaam walikuwa hawaamini kifo chochote cha Old Moshi mpaka wakione kwake. Alijivunia jambo hilo kuliko kitu chochote, na mimi nilimtania kwamba hata Mungu husubiri Mama Eliza aandike kwanza.

Matatizo yalianza kwa Mektrida, ambaye ni wa jumuiya yetu kanisani. Mume wake alifariki, Bernadetha akaandika tangazo zuri tu. Siku ya pili Mektrida akapigiwa simu na mwanaume mwenye sauti ya upole. Alimpa pole, akasema yeye ni rafiki wa Shedrack wa Tunduma, kwamba Shedrack yuko njiani na gari limewaharibikia, na kwamba Avelina wa Mwanza naye anajua, ila simu yake haipatikani. Mjane akasikia majina ya shemeji zake yote yako mahali pake, akatuma alichokuwa nacho. Jioni Shedrack akateremka kwenye basi, mzima, hana habari na gari lolote.

Pale msibani macho yote yakamgeukia wifi yangu. Majina yale, kwa mpangilio ule, yalikuwa kwake tu.

Eliza alipopigiwa hakuchukua muda. Akatutumia anwani ya ukurasa mwingine unaoitwa Rambirambi Leo. Tukafungua, na mimi nikabaki mdomo wazi. Misiba yetu yote ilikuwa humo. Wafu wetu, picha zao, maneno ya Bernadetha herufi kwa herufi, na pembeni ya sura ya mume wa Mektrida kuna tangazo la kubeti na jingine la dawa ya kukuza nywele. Mbaya zaidi, walikuwa wameweka kisanduku cha kutafutia. Unaandika jina la ukoo, kinakuletea watu wa ukoo huo waliowahi kutajwa, mji wanaokaa, na simu za wale waliowahi kuwa wasemaji. Tapeli alikuwa amerahisishiwa kazi, alibaki tu kuchagua.

"Nani anakaa kutwa kunakili haya yote?" Bernadetha akauliza kwenye simu.

"Hakuna mtu, mama. Ni programu. Inaingia yenyewe, inakomba kila kitu, inatoka, halafu inarudi kuangalia kama kuna kipya."

"Inakomba kama mtu anavyokomba chungu?"

"Hivyohivyo."

"Na aliyepika hakuulizwa."

Eliza akasema kuna maandishi aliyaweka tangu mwanzo, ndani kabisa, ya kuziambia programu za namna hiyo zisichukue kitu. Zenye adabu huyasoma zikaondoka. Zisizo na adabu hupita tu.

"Kwa hiyo," wifi yangu akasema, na hapo nikaona mshipa wa shingo umemtoka, "tumeandika kibao, tukakiweka mahali ambapo binadamu hakioni na mwizi hakisomi. Vizuri sana. Sasa niambie, ni halali au si halali?"

"Mama, hilo muulize mwanasheria."

Basi tukateremka mjini, tumevaa nguo za kanisani kana kwamba tunakwenda kubariki ndoa. Tulianzia kituo cha polisi. Askari tuliyemkuta mezani alikuwa kijana mwenye heshima zake, alitupa shikamoo na viti. Akauliza kimeibwa nini.

"Misiba," Bernadetha akajibu.

Kijana akaweka kalamu chini. Tukamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama misiba hiyo, pale kwenye ukurasa wake mwenyewe, haipo tena.

"Ipo."

"Haijafutwa?"

"Haijafutwa. Imekombwa."

"Sasa mama, kama ipo, hakuna kilichoondoka." Akasema la Mektrida ni utapeli, hilo analielewa, mwenyewe aje aandikishe maelezo na watalifuatilia. Lakini la kunakili, aliomba radhi, twende kwa wakili. Bernadetha alitoka pale akitembea kwa kasi mpaka mimi nikawa nakimbia nyuma yake na viatu vyangu vya kubana. Nilimwambia kijana wa watu hana kosa. Akanijibu kwamba hakuna aliyesema ana kosa, lakini leo kila mtu hana kosa, na Mektrida kalizwa.

Wakili Damian ana chumba chake cha kazi upande wa Mawenzi, karibu na hospitali. Tulimzika baba yake, na tangazo aliliandika Bernadetha, kwa hiyo alitupokea kama mama zake. Akaagiza chai. Akasoma kurasa zote mbili kwenye kompyuta yake, taratibu, miwani imeshuka puani. Wifi yangu hakumngoja amalize.

"Nataka neno moja tu, mwanangu. Programu kuingia kwenye ukurasa wa mtu na kubeba kila kitu. Halali au si halali?"

"Inategemea, mama."

Nilifumba macho. Nilimjua Bernadetha, na nilijua neno hilo angelichukua kama tusi.

"Umesoma miaka yote ile, tukakuombea mitihani kanisani, umeniletea inategemea?"

Damian hakukasirika. Akaeleza, na niseme ukweli, alieleza vizuri, ndiyo maana iliudhi zaidi. Kifo cha mtu ni habari, na habari haina mwenyewe. Hakuna anayemiliki ukweli kwamba fulani amefariki na atazikwa Ijumaa. Lakini namna Bernadetha alivyoyapanga maneno, hiyo inaweza kuwa kazi yake, na hakimiliki ikamlinda, ingawa upande wa pili utasema matangazo yote ya vifo hufanana. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa la mtandaoni, lakini ukurasa wake hauna mlango, yeyote anaingia. Angeweka nywila, mtu akaivunja, hapo yeye Damian angemshika mkono waende mahakamani wakiwa wanaimba.

"Nikiweka nywila, wafiwa wataingiaje?"

"Ndiyo shida yenyewe."

Kisha akasema palipo na nguvu ni kwenye majina na simu za watu walio hai. Hizo ni taarifa binafsi, zina sheria yake, na mtu akizikusanya kwa kazi nyingine isiyo ile iliyokusudiwa anaweza kubanwa. Bernadetha akainuka kidogo kwenye kiti, nikaona uso wake umeanza kuchangamka. Hapo Damian akamtazama juu ya miwani.

"Ila nao watakuuliza wewe, mama. Hawa wote uliowataja, Shedrack wa Tunduma, Avelina wa Mwanza, uliwaomba ruhusa?"

Nje kulikuwa na mtu anauza karanga, anazipigia kelele.

"Niwaombe ruhusa," Bernadetha akasema polepole, "ya kuwaita kwenye msiba wa kaka yao?"

"Nakuonyesha tu watakapopigia, mama."

Tukamaliza chai. Damian akatusaidia kuandika malalamiko kwenda kwenye ofisi inayohusika na taarifa za watu, yakatumwa siku hiyohiyo, tukajibiwa kwamba yamepokelewa na tusubiri. Tukarudi mpaka mgombani kwake. Hapo Bernadetha akasimama, akaniuliza, "Wifi, kama sheria inaniuliza mimi kwanza, yule aliyekomba ataulizwa lini?" Nilikuwa na njaa na miguu inaniuma, nikamwambia tupike kwanza.

Siku chache baadaye Eliza akampata mwenye Rambirambi Leo. Nilidhani atakuwa Mhindi wa Bombei au Mrusi. Alikuwa Godlove. Godlove mtoto wa Elisaria, jirani yetu wa mpaka mmoja, Mlutheri mpole ambaye mke wake alifariki mapema, na mtoto wake huyu alikulia nusu kwao na nusu kwenye mtori wa ndizi wa Bernadetha. Siku hizi yuko Dar es Salaam, ana kampuni ya vijana watatu na kompyuta zao.

Bernadetha alimpigia mbele yangu, simu ikiwa wazi ili nisikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Godlove, ni wewe unayechukua misiba yangu?"

Pale pakawa na kikohozi. "Ni mimi, lakini si mimi, mama. Ni programu. Inapita kurasa nyingi, siichagulii."

"Ilipofika kwangu haikukwambia ni kwa nani?"

"Mama, aisee, usinielewe vibaya. Vitu viko public, viko hadharani. Kilicho hadharani ni cha wote. Mimi navikusanya sehemu moja, watu wanavipata kirahisi. Hata injini kubwa za kutafuta zinafanya hivyohivyo."

"Mimi nikianika nguo zangu nje, ziko hadharani. Utapita uzivae?"

"Si sawa na hilo. Nguo nikizivaa wewe unakosa. Hapa hukosi kitu." Alikuwa na majibu, mtoto yule, yamepangwa kama sabuni dukani. "Halafu sikukurupuka. Nilimuuliza mwanasheria kabla ya kuanza."

"Akasemaje?"

Godlove akasita. "Akasema inategemea."

Wifi yangu akakata simu, akaiweka mezani kifudifudi. Nilicheka mpaka nikaomba maji. Yeye hakucheka, na baadaye nilijiona mjinga, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la kuchekwa. Juma lile waliletwa wafu wawili kutoka Dar es Salaam kuja kuzikwa vijiji vya jirani, na hakuna familia iliyomletea tangazo. Kanisani Mektrida alihamisha kiti chake. Hakuwa mkali, alikihamisha tu, lakini Bernadetha aliona, na mimi niliona kwamba ameona. Hakuogopa mahakama wala sheria wala programu. Aliogopa siku ambayo watu wa Old Moshi watakuwa na msiba na wasimkumbuke, au wamkumbuke na waogope.

Habari za Godlove zilimfikia baba yake. Asubuhi moja Elisaria akaja, amevaa koti, ameshika jani la isale. Huu ndio mmea tunaoupanda kuzunguka vihamba kuonyesha mpaka. Hauzuii hata mbuzi, lakini kila mtu akiuona anajua ardhi hii ina mwenyewe. Na mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, ukilikataa, wewe ndiye unayekuwa na kosa.

"Mama Eliza," akasema, hakukaa hata alipopewa kiti, "mwanangu amevuka mpaka wako. Mimi sijui mambo ya mitandao. Najua mpaka. Nimekuja kuomba."

Bernadetha akalitazama lile jani muda mrefu. Nilimwona kabisa kwamba hakutaka kulipokea. Alitaka kuendelea kukasirika, na alikuwa na haki. Akalipokea.

"Baba Godlove, na wewe ungekaa basi unywe hata chai."

Elisaria akakaa, akafuta macho kwa mkono wa koti. Jioni ileile Godlove akapiga simu, akasema ameifunga Rambirambi Leo na ameifuta, na amebadilisha hata namba yake, maana watu waliotapeliwa walikuwa wanaipiga na kumtukana. Akaomba msamaha kwa sauti ya mtu mzima. Tukadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Eliza alitafuta jina la ukoo wetu mtandaoni, akatukuta sehemu nyingine. Programu za watu wengine zilikuwa zimeikomba Rambirambi Leo zamani, na hao nao walikuwa wamekombwa, na kurasa nyingine hazikuwa hata na jina la mtu wa kumpigia. Malalamiko yetu yalikuwa bado hayajajibiwa. Simu za matapeli ziliongezeka. Sasa walikuwa wanatumia mpaka jina la wifi yangu: "Habari, mimi Mama Eliza wa Msiba Kwetu, kuna taarifa ya kusikitisha." Dada yake Elisaria, Mary, aliyeolewa Kahama, alipigiwa hivyo. Akaambiwa kaka yake yuko mahututi na inatakiwa hela ya haraka. Akatuma. Baadaye akampata Elisaria kwenye simu, akamkuta anapalilia kahawa.

"Mtu nimemsamehe," Bernadetha aliniambia. "Haya madude nayasamehe vipi? Yana baba gani wa kuniletea isale?"

Akajaribu kuandika matangazo bila majina. Jina la marehemu, siku, mahali, basi. Tangazo la kwanza la namna hiyo lilikuwa la mzee wa Kirua, na mjomba wa marehemu hakutokea maziko. Jeneza likakaa juani, wazee wakatumwa kwake, wakamkuta barazani, amevaa tai. "Sikuitwa," akasema. Wakamwonyesha tangazo kwenye simu. "Ndiyo, nimelisoma. Sijatajwa." Walimbembeleza mpaka mchana ukaisha, wakarudi naye shingo upande, na ukoo mzima ukasema ni Mama Eliza kafanya makusudi. Baada ya hapo hakuandika tena. Ukurasa aliuacha hivyohivyo, wazi, hauna jipya. Nilimwambia aweke japo neno kwamba amesimama. Akasema ameshaandika vya kutosha maishani mwake.

Mwezi wa pili mwaka huu Elisaria akaanguka shambani. Walimkimbiza hospitali ya Mawenzi, hakufika hai, na katika hekaheka ile simu yake ikapotelea njiani. Godlove alifika siku ya pili, hajala, hajalala, akaja moja kwa moja kwa Bernadetha kabla hata ya kuingia kwao. Nilikuwepo. Wifi yangu alikuwa ameshatoa karatasi na kalamu mezani. Alikuwa na hasira na dunia nzima, lakini huyu ni jirani yake, na hakuna kitu duniani alichojua kufanya kwa ajili ya marehemu zaidi ya hicho.

"Kaa tuandike," akamwambia. "Naanza na shangazi yako Mary."

Godlove hakukaa.

"Mama, naomba baba asiwekwe."

"Asiwekwe wapi?"

"Mtandaoni. Ukiweka tu, watambeba. Yeye, mimi, shangazi, wote. Leo hiihii watu wataanza kupigiwa." Akaweka kiganja juu ya karatasi. "Najua zinavyofanya kazi, mama. Naomba usimwandike. Nitawapigia mwenyewe, mmoja mmoja."

Niliona Bernadetha anavuta pumzi, na nikajua maneno yaliyopanda kooni kwake, kwa sababu yalipanda na kwangu. Hukosi kitu. Kilicho hadharani ni cha wote. Alikuwa na haki ya kuyasema yote. Akaifunika kalamu.

"Haya," akasema. "Kawapigie."

Basi mtoto akakaa kwenye benchi mbele ya nyumba ya baba yake, akawa anapiga, kwa namba yake ile mpya ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Mimi nilikuwa namenya ndizi karibu, nikayasikia yote. Binamu yake wa Tanga alimwambia atafute kazi ya kufanya. Wa Mbeya alimwambia tapeli wewe, umemuua Elisaria mara ngapi? Wa Dodoma alimpa mtihani, ataje jina la bibi aliyemzaa Elisaria. Akalitaja, naye akajibu kwamba hilo liko mtandaoni, mpumbavu wewe, hata mimi nimeliona. Wengine walikuja kuamini walipoulizana wao kwa wao. Mary wa Kahama alikata. Akapigiwa tena, akakata. Bernadetha akachukua simu yake mwenyewe, akampigia, akasema, "Mary, ni mimi, Mama Eliza wa Old Moshi." Mary akamtukana tusi ambalo sitaliandika, akaizima simu. Haikuwashwa tena.

Tukamngoja. Siku ya maziko mchungaji alisogeza ibada, wazee wakasogeza tena, mpaka jua likaanza kuteremka na wazee wakasema haiwezekani. Tukamzika Elisaria katikati ya migomba yake bila dada yake wa tumbo moja. Mchungaji akapata namba ya usharika mmoja wa kule Kahama, lakini mwinjilisti wa huko alifanikiwa kufika nyumbani kwa Mary siku iliyofuata, Jumapili, baada ya ibada.

Mary alifika Jumatatu. Mama mnene, amevaa vitenge viwili, mkoba umemning'inia mkononi. Hakulia njiani wala getini. Aliuliza kaka yake yuko wapi, akaonyeshwa, akasimama pale juu ya udongo mbichi na maua yaliyokwisha kunyauka. Godlove alikuwa nyuma yake. Bernadetha alikuwa pembeni na mimi nimemshika mkono, maana nilihisi anataka kukimbia.

Mary akageuka, akamtazama yeye, si Godlove.

"Mama Eliza, mbona hukumwandika?"

Wifi yangu, ambaye hajawahi kuacha swali bila jibu, akafungua mdomo, akaufunga.

"Ni mimi, shangazi," Godlove akasema. "Mimi ndiye niliyemkataza."

Mary hakuonekana kumsikia. Alikuwa bado anamtazama Bernadetha, na alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeeleza njia.

"Nilipokata simu roho haikutulia. Nikaazima simu ya jirani, nikampigia kaka, hapatikani, nikasema ngoja nihakikishe. Nikaingia kwako, Msiba Kwetu, nikatafuta jina la kaka. Nikatafuta mpaka chini kabisa. Halikuwepo. Nikamshukuru Mungu, nikaenda zangu sokoni."